Mahindi yangu yanachemka ghalani bila moto. Hili joto linatoka wapi?

#1 Mpakia Gunia

Wakuu, salaam.

Niko Kibaigwa. Mwezi uliopita niliona bei ya mahindi imelala, nikaingia vijijini na Fuso, nikakusanya magunia 120. Mengine niliyachukua kwa mkulima aliyekuwa amepukuchua juzi yake tu, maana ada ya mtoto ilikuwa inamsubiri na mimi sikuwa na muda wa kuuliza maswali. Nikayapanga ghalani safu saba kwenda juu, nikafunga mlango, nikakaa kungoja bei.

Jana nimeingia na mnunuzi. Mlango ulipofunguka tu tukapokewa na harufu ya pombe iliyolala. Nikachoma gunia la katikati kwa bambo, mahindi yaliyomiminika mkononi yalikuwa ya moto. Nikafungua gunia, nikazamisha mkono hadi kiwiko, nikautoa mbio. Mnunuzi akacheka: "Haya umeshayapika, weka maharage tule makande." Akapanda bodaboda akaenda zake.

Sasa naomba kuelimishwa. Ghala halina umeme, halina jiko, hakuna aliyevuta sigara humo. Mzee mmoja wa sokoni kaniambia "mahindi yanapumua, mwanangu". Punje inapumua kwa pua gani?

#2 Dumuzi Sugu

Pole mkuu. Ila hayo makande nimeyacheka, nisamehe.

Mimi naona ni joto la bati. Mchana bati linawaka, usiku gunia linatunza. Halina sayansi kubwa hilo.

#3 Ticha Nzuguni

Dumuzi, joto la bati lingeanzia magunia ya juu. Yeye kachoma la katikati ndilo likamuunguza. Moto uko ndani, na mzee wa sokoni kasema kweli tupu.

Chukua punje moja, ipasue kwa urefu. Upande wa ncha utaona kipande cheupe, laini kidogo. Hicho ni kiinitete, yaani mhindi mchanga kabisa, umelala. Sehemu kubwa iliyobaki ni wanga, posho aliyofungashiwa mtoto kwa safari ya kuota gizani kabla hajapata jani. Sisi ndio tunaoikatiza hiyo safari tukasaga sembe.

Sasa mtoto aliyelala anakula kidogo, lakini anakula. Wanga unavunjwa kuwa sukari, sukari inakutana na oksijeni, inatoka hewa ya ukaa, maji na nishati. Vinavyoingia na vinavyotoka ni kama vya kuni jikoni. Kuni zinatoa vyote kwa pupa, mwali na moshi, wakati seli inachoma kwa hatua ndogondogo, kila hatua na kimeng'enya chake, yaani kichocheo chake, ili nishati ipatikane bila kujiunguza.

Hili lilipimwa zamani. Majira ya baridi ya 1782 kuingia 1783, Wafaransa wawili, Lavoisier na Laplace, walimweka simbilisi ndani ya chombo kilichozungushiwa barafu. Wakapima maji yaliyoyeyushwa na joto la mwili wake. Kisha wakachoma mkaa hadi utoe hewa ya ukaa sawa na aliyoitoa simbilisi, wakapima tena. Majibu yakakaribiana. Wakaandika kwamba kupumua ni kuungua polepole. Simbilisi alitoka salama. Lavoisier mwenyewe ndiye aliyekatwa kichwa mwaka 1794, tena kwa mambo ya kodi, siyo ya barafu.

Na wewe unayesoma hapa unawaka. Mtu aliyekaa tu anatoa joto la wati 80 hadi 100. Daladala yenye abiria 30, madirisha yamefungwa kwa sababu ya mvua, ni sawa na kuwasha pasi mbili za umeme humo ndani. Ndiyo maana mnatokwa jasho na nje kuna baridi.

Punje iliyokaukia kwenye unyevu wa asilimia 13 hivi inapumua kidogo mno, huwezi kuisikia. Ukiiacha kwenye asilimia 18 au 20, imeamka. Tena haiko peke yake: ukungu nao umeamka, na kwenye lundo bichi ukungu unachoma kuliko punje zenyewe.

#4 Mpakia Gunia

Ticha, kwa hiyo kuna watu wanakula mtaji wangu na kuota moto juu yake. Wanakula kiasi gani? Nipe kwa kilo, lugha ya kiinitete siijui.

#5 Ticha Nzuguni

Haya, hesabu ya dukani.

Gunia lako la kilo 100, tuseme limechoma kilo moja ya wanga. Asilimia moja tu. Kilo hiyo imevuta karibu kilo 1.2 ya oksijeni, imetoa kilo 1.6 hivi ya hewa ya ukaa ikapita kwenye matundu ya gunia. Ukaitafuta kwenye mizani huioni.

Joto lake linatosha kuchemsha lita 50 za maji ya bombani mpaka yatokote. Ndoo mbili na nusu! Ukilitoa joto hilo polepole katikati ya ghala, ambako mahindi yenyewe yamekuwa blanketi, lundo linaweza kupita nyuzi 50.

Ila kinachoniuma mimi zaidi ni maji. Kilo moja ya wanga ikichomwa inazaa zaidi ya nusu lita ya maji. Maji hayakuwemo pale kama maji. Yametengenezwa hapohapo, haidrojeni ya wanga imeshikana na oksijeni. Kwa hiyo lundo linalopumua linajilowesha lenyewe. Likilowa linapumua zaidi. Likipumua zaidi linalowa zaidi. Ukikuta magunia ya juu yana umande asubuhi, paa halivuji. Mvuke umepanda kutoka katikati, ukakutana na ubaridi.

#6 Ukutani

Assalaam alaykum jamaa. Niko Pemba.

Hayo ya mahindi siyajui ila karafuu nazijua. Ukizichuma na kuzichambua vikonyo, ukazilundika mbichi usiku mzima ukangojea jua la kesho, ukitia mkono ndani ni moto. Zikishapikika hivyo hata uzianike vipi hazirudi kuwa na rangi yake, zinatoka nyeupenyeupe, zimesinyaa. Sisi twaziita mpeta, na bei yake ni ya kuulizia huku umeinamisha uso. Marehemu bibi yangu akitwambia "karafuu haitaki kulala na wenzake". Kumbe ndiyo hii habari ya kupumua.

#7 Mzaliwa wa Kibosho

Ukutani umenikumbusha kimea cha mama. Ulezi unalowekwa, unafunikwa na majani ya mgomba uote. Siku ya pili ukiingiza mkono ni vuguvugu kama tumbo la mbuzi. Sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Sasa hiyo harufu ya pombe aliyoisema mleta uzi mbona hamjaigusa? Kama mahindi yanaungua kwa oksijeni, pombe imetoka wapi? Mbege haichomwi na mtu.

#8 Ticha Nzuguni

Swali zuri kuliko yote humu, na limetoka Kibosho, sishangai.

Katikati ya lundo lililobanana oksijeni inaliwa haraka kuliko inavyoingia. Ikiisha, wengine wanakufa, wengine wanabadilisha mtindo. Hamira za porini na bakteria wana njia ya zamani ya kuishi bila oksijeni: wanaikata sukari nusunusu tu, wanachukua faida kidogo, mabaki wanayatupa nje. Mabaki ya hamira ni kileo na hewa ya ukaa. Yale mapovu ya mbege ni hewa ya ukaa inayotoka.

Faida yake ni ndogo kweli. Sarafu ya nishati ndani ya seli inaitwa ATP. Kila kazi ya mwili, kukunja ngumi, kujenga protini, kupeleka ujumbe kwenye neva, inalipwa kwa sarafu hiyo. Molekuli moja ya sukari kwa njia ya hamira inaleta ATP 2. Kwa njia ya oksijeni inaleta karibu 30. Nishati iliyobaki haijapotea, imo ndani ya kileo. Ndiyo maana gongo kali ikipigwa kiberiti inawaka. Mnywaji anakunywa kuni ambazo hamira imeshindwa kuzimaliza.

Hizo 30 zinatoka wapi? Hapa huwa nachora ubaoni bwawa la Mwalimu Nyerere kule Rufiji. Ndani ya seli kuna vijumba viitwavyo mitokondria. Elektroni, chembe ndogo mno za umeme, zinazotoka kwenye chakula zinapita kwenye utando wake wa ndani kwa vituo, na njiani zinasukuma protoni, yaani chembe za haidrojeni, upande mmoja, zinarundikana kama maji nyuma ya ukuta. Protoni zinataka kurudi. Mlango wao ni kimeng'enya ambacho kwa kweli kinazunguka kama rota ya turbaini, kila mzunguko mmoja ATP 3. Rufiji kuna turbaini 9. Mwilini mwako sijui nianzie wapi kuhesabu. Mwingereza Peter Mitchell alipolisema hili mwaka 1961 wenzake wengi walimpuuza. Mwaka 1978 akapewa Tuzo ya Nobel.

Oksijeni kazi yake iko mwisho wa foleni: inapokea zile elektroni zilizochoka na kuwa maji. Basi. Hiyo pumzi yote tunayohangaika nayo ni ya kuondoa takataka mlangoni ili foleni isisimame.

#9 MwanaKitale

Niaje wadau, salamu kutoka Kitale. Huku gunia ni kilo 90, kwa hivyo Ticha urekebishe hesabu yako, hehe.

Hii ya kuishiwa oksijeni ndio hufanyika kwa miguu ukikimbia? Nilikuwa nikikimbia nikiwa shule. Mita 400 unamaliza miguu ikichoma kama pilipili. Lakini wale wa marathon wanaenda saa mbili na hawachomeki hivyo.

#10 Ticha Nzuguni

Ndiyo, jamaa wa karibu. Kwenye mita 400 misuli inadai ATP kuliko kasi ya oksijeni kufika, inaongeza njia ya mkato, na mabaki yetu sisi si kileo, ni lakteti. (Ingekuwa kileo, mbio za shule zingeisha kwa fujo.) Lakteti haitupwi. Ini na moyo vinaichukua na kuitumia. Na yale maumivu ya kesho yake si lakteti, hiyo huwa imeshaondoka ndani ya saa moja au mbili.

Wa marathon anakimbia kasi ambayo oksijeni inaimudu. Tatizo lake ni ghala. Wanga uliohifadhiwa kwenye misuli na ini ni kama nusu kilo, ukimalizika kwenye kilomita ya 30 na kitu anabaki na mafuta, ambayo ni mengi lakini yanaungua taratibu. Ndiyo maana Kipchoge kule Vienna mwaka 2019, alipokimbia 1:59:40, alikuwa akiletewa kinywaji cha sukari njiani.

#11 Mpakia Gunia

Wakuu, Kipchoge ameshafika, mimi magunia yangu bado yanachemka. Naombeni la kufanya leo.

#12 Jicho la Ghala

Nimekaa kwenye maghala miaka mingi, sikiliza.

Toa yote nje. Usichague, usiseme la chini halijaguswa. Mwaga kwenye turubai, siyo kwenye udongo, tandaza wembamba, sentimita 4 hivi, geuza kila baada ya muda. Jioni funika, umande ni maji.

Kama huna kipima unyevu, tumia chupa na chumvi. Chumvi yenyewe ianike kwanza iwe kavu kabisa. Weka mahindi theluthi ya chupa kavu ya kioo, tia vijiko kadhaa vya chumvi, funga, tikisa dakika mbili tatu, acha dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15, rudisha juani. Ikibaki inateleza, umefika pazuri, ingawa mimi huwa naanika siku moja zaidi.

Ukirudisha ndani, panga juu ya chaga, acha njia ukutani na katikati. Safu saba zilizobanana za mahindi mabichi hata mimi zingenipika.

Halafu kuna watu watakuja hapa kukwambia "nunua mifuko isiyopitisha hewa". Ni mizuri sana, lakini kwa mahindi MAKAVU. Ukitia mabichi unatengeneza busaa ndani ya plastiki.

#13 Mzaliwa wa Kibosho

Jicho, hiyo mifuko inaua wadudu bila dawa. Wanakosa hewa tu?

#14 Jicho la Ghala

Wanakosa hewa, ndiyo, wao wenyewe wanaimaliza kwa kupumua. Ila Ticha aeleze, mimi niliwahi kufundishwa kwamba wanakufa kwa kiu na sikuelewa.

#15 Ticha Nzuguni

Umefundishwa sawasawa, na wadudu wa kunde wamechunguzwa hasa kwenye hilo. Fikiria: mdudu anaishi ndani ya kunde kavu miezi, hajawahi kuona tone la maji. Anakunywa nini? Anakunywa yale maji niliyosema kwenye #5. Anachoma wanga, maji yanazaliwa ndani ya mwili wake. Ukimnyima oksijeni hawezi kuchoma, na asipochoma hana maji. Anaacha kula, anaacha kukua, mwisho anakauka akiwa amezungukwa na chakula.

Vidonge vya kufukizia ghala navyo vinapiga hapohapo kwenye nishati. Vikikutana na unyevu wa hewa vinatoa gesi ya fosfini, inavuruga ile foleni ya elektroni kwenye mitokondria. Mitokondria za dumuzi, yule mdudu wa mahindi, na zako ni zilezile, kwa hiyo NASISITIZA: usilale nyumba moja na mahindi yaliyowekewa vidonge. Kazi hiyo afanye mwenye mafunzo.

#16 Dumuzi Sugu

Mnanitaja kila mahali, nimekosa nini. Mimi jina nilipewa na shemeji.

Sasa na mimi nina langu. Mnasema wanga una moto ndani. Moto huo uliingia lini? Mimi nalima. Nachojua mahindi yanatoka kwenye udongo na mbolea. Udongo hauna moto.

#17 Ticha Nzuguni

Dumuzi, swali lako lina miaka karibu mia nne. Van Helmont, huko nchi inayoitwa Ubelgiji leo, alipanda mche wa mti kwenye chungu chenye udongo mkavu wa karibu kilo 90, akawa anamwagilia maji tu. Baada ya miaka 5 mti ulikuwa umeongezeka zaidi ya kilo 70. Akaukausha udongo akaupima: umepungua kama gramu 57. Akahitimisha kwamba mti wote umetokana na maji. Alikosea nusu, maana hewa hakuihesabu.

Mhindi wako umejengwa zaidi kwa hewa ya ukaa na maji. Mbolea ni muhimu, ila ni kama misumari kwenye nyumba: huwezi kujenga bila misumari, lakini nyumba si misumari. Kinachoshikanisha hewa na maji viwe sukari ni mwanga. Jani linapokea mwanga, linapasua maji, oksijeni linaiachia, na nguvu hiyo linaifungia ndani ya sukari. Usanisinuru ndio huo. Mahindi, mtama na muwa yana ufundi wa ziada wa kukusanya hewa ya ukaa kabla ya kuitumia, ndiyo maana kwenye jua kali la Kongwa yanaupita mpunga kwa mbali.

Kwa hiyo kuunguza mkono ghalani kwa Mpakia Gunia ni jua la Februari na Machi, lililofungwa shambani kule, linafunguliwa sasa.

#18 Dumuzi Sugu

Ticha, nimekubali. Bati nimelishusha.

#19 MwanaKitale

Kabla mfunge: hayo yenye ukungu usile, usiuze, na usiseme utapatia kuku. Mwaka wa 2004 huku kwetu, upande wa Makueni na Kitui, watu 317 waligonjeka na 125 wakafa kwa sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, ya mahindi. Kupika haiondoi. Ng'ombe akikula, sumu inaingia hata kwa maziwa.

#20 Jicho la Ghala

Nakazia. Na kwetu kanda ya kati, Dodoma na Manyara, tuliyaona mwaka 2016.

#21 Mpakia Gunia

Wakuu, nimerudi. Siku nane sijaonekana kwa sababu nilikuwa juani na vijana wanne.

Magunia 120 yote yametoka nje. Matano ya katikati yalikuwa yameshikamana kama mkate, kijani na meusi ndani, tumeyafukia. Mke wangu alitaka kuyaokoa kwa ajili ya kuku, nikamsomea post ya MwanaKitale kwa sauti, akanyamaza. Mengine kumi na moja yana dalili, nimeyatenga, nitayapeleka yapimwe kabla sijayagusa.

Yaliyobaki nimepima upya. Gunia lililokuwa kilo 100 sasa linasoma 94, 95. Najua, Ticha, nyingi ya hizo ni maji yaliyokauka, siyo moto. Ila zile nilizonunua kwa mkulima mwenye ada ya shule nilinunua maji kwa bei ya mahindi, hilo nalo nimelielewa.

Jana asubuhi nimeingiza mkono hadi begani. Baridi, kavu, hakuna harufu. Chupa ya chumvi nimeitundika msumarini mlangoni mwa ghala. Mama watoto ameshaichukua mara mbili kuungia mboga.